Shajara ya mkanda wa taimingi: Corolla AE101, injini ya 4A-FE

Kabla ya kufungua chochote

Gari ni Toyota Corolla AE101 lenye injini ya 4A-FE, lita 1.6, valvu 16, gia za mkono, bado lina distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) na kebo za plagi. Nabadilisha mkanda wa taimingi (mkanda wenye meno unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, shafti inayofungua valvu), tenshena (roli inayoukaza mkanda) na springi yake, sili ya kemshafti, sili ya mbele ya krenki na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu). Yote nafanyia nyumbani kwa vifaa vya mkono. Nitaandika kadiri kazi inavyokwenda, kwa sababu maelezo mengi ya kazi hii hukawia kwenye kufungua bolti na kupita mbio kwenye kuhakikisha. Kufungua ni jasho tu. Uhai wa injini uko kwenye kuhakikisha, na huko ndiko nitakakokaa.

Historia ya mkanda uliomo haijulikani. Niliponunua gari niliambiwa "ulishabadilishwa," lakini hapakuwa na karatasi wala stika chini ya boneti inayotaja tarehe au kilomita. Kwa injini hii kipindi kinachotajwa katika masoko mengi ni kilomita 100,000, na hata gari likikaa tu bila kutembea, mpira unazeeka. Mkanda usio na tarehe nauhesabu kuwa umekwisha muda wake.

Kuna dalili nyingine iliyonifanya niamue. Gari likishachanganya linakwenda vizuri, lakini chini ni zito: ukiingia mlima kwa gia ya pili unalisukuma kwa mguu na halijibu. Plagi ni mpya, kichujio cha hewa ni safi, presha ya silinda zote inalingana. Nimeandika dalili hii hapa ili nione kama itahusiana na nitakachokikuta.

Jambo moja la kutuliza moyo: 4A-FE ni injini ambayo mkanda ukikatika, pistoni na valvu hazigongani. Gari litazimika njiani, litavutwa, litafungwa mkanda mpya na kuendelea. Wenzangu mnaotaka kujifunza kazi hii, anzeni na injini ya aina hii. Injini nyingi za Honda za miaka ya 1990, au dizeli ya Volkswagen ya 1.9 TDI, hazina msamaha huo. Humo mkanda ukikatika, au ukifungwa vibaya meno machache, valvu zinapinda palepale. Kabla ya kugusa spana, jua injini yako iko upande gani.

Mkanda wenyewe si kitu cha zamani sana. Gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mkanda wa mpira wenye meno ni Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Fiat wakaufuata mwaka 1966 kwa injini ya kemshafti mbili iliyobuniwa na Aurelio Lampredi. Kabla ya hapo ilikuwa cheni au gia, zinazoogelea kwenye oili na kupiga kelele. Mkanda haupigi kelele na hautaki oili. Tena oili ni adui yake, jambo litakalorudi huko mbele.

Ijumaa jioni

Vifaa nimevipanga juu ya turubai: soketi na ratcheti, mpini mrefu wa kuvunjia bolti ngumu, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukazia), jeki mbili, stendi, kabari za magurudumu, kipande cha mbao kinene, taa ya taimingi, tochi ya kichwani, rangi nyeupe ya kuwekea alama, na karatasi ngumu ambayo nimeitoboa matundu. Karatasi hiyo ni ya bolti. Kifuniko cha mkanda kwenye injini hii kina vipande vitatu, na bolti zake hazilingani urefu. Kila bolti ikitoka inachomekwa kwenye tundu lake, pembeni limeandikwa mahali ilipotoka.

Spana ya torki si anasa hapa. Kama huna, azima. Kuna bolti tatu ambazo sitazikaza kwa kukisia, na nitazitaja zikifika.

Jumamosi asubuhi: kufungua

Waya hasi wa betri umetolewa. Magurudumu ya nyuma yametiwa kabari, upande wa mbele kulia umepanda jeki na kushushwa juu ya stendi, tairi imetoka. Hakuna anayeingiza mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki hupoteza presha bila kutoa taarifa.

Bolti za puli ya pampu ya maji zinalegezwa kwanza, wakati mkanda wa alternata bado unaishika. Ukitoa mkanda huo mapema, puli itazunguka pamoja na spana na utatafuta namna ya kuizuia. Kwenye 4A-FE pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa nje, haiguswi na mkanda wa taimingi, kwa hiyo si lazima ibadilishwe leo. Nimeizungusha kwa mkono: haina mchezo, haivuji, haikwaruzi. Inabaki. Kwenye injini ambazo mkanda wa taimingi ndio unaoizungusha pampu, ningeibadilisha bila kufikiri mara mbili.

Mikanda ya nje imetoka, kebo za plagi zimetoka zikiwa na namba, plagi zote nne zimetoka. Bila plagi injini inazunguka kwa mkono kwa ulaini na unaihisi vizuri. Tapeti kava imetoka. Gasketi yake imekuwa ngumu mpaka ikavunjika vipande, na vipande hivyo nimeviokota kimoja kimoja kabla havijaanguka kwenye oili.

Tapeti kava ikiwa wazi nimepima nafasi za valvu (upenyo kati ya kemshafti na tapeti, kikombe kinachosukuma valvu), maana injini ni baridi na fursa kama hii haiji mara kwa mara. Vipimo nimeviandika pembeni.

Maunti ya injini (kishikizo kinachoibeba kwenye bodi) ya upande wa kulia lazima itoke. Jeki ya pili inakaa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), katikati yake kipande cha mbao ili bati la sampu lisibonyee. Injini isipandishwe. Ipokelewe tu uzito wake. Utajua imepokelewa pale bolti ya maunti inapoanza kutoka kwa vidole bila kung'ang'ania.

Jumamosi mchana: bolti ya krenki

Hii ndiyo bolti inayowarudisha watu wengi kwa fundi. Imekazwa kwa 118 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha torki) na imekaa hapo miaka, ikipikwa na kupoa.

Njia ya kutumia stata, yaani kuegemeza mpini kwenye fremu na kupiga ufunguo ili injini ijifungulie bolti, naijua na siipendi. Mpini ukiruka unaweza kuvunja mkono, na nguvu ile huna namna ya kuipunguza katikati. Gari la gia za mkono lina njia nzuri zaidi: weka gia ya juu kabisa, mtu mmoja akanyage breki kwa nguvu, mwingine avute mpini. Gia ya juu ndiyo inayofaa kwa sababu nguvu unayoiweka kwenye krenki inafika kwenye magurudumu ikiwa ndogo kuliko kwenye gia nyingine yoyote, na breki zinaishika kwa urahisi.

Mpwa wangu alikaa kwenye usukani na kukanyaga breki. Dawa ya kutu ilikuwa imelala kwenye bolti tangu jana jioni. Soketi nimeiingiza mpaka mwisho, mpini nimeuelekeza ili nivute kwenda chini, si kusukuma gari kutoka kwenye stendi. Nimevuta polepole na kuongeza uzito kidogo kidogo. Mpini ulipinda kwanza, ukapinda mpaka nikafikiri ni soketi inayopasuka, halafu bolti ikatoa mlio mmoja mkali na kulegea robo mzunguko. Baada ya hapo ilitoka kwa ratcheti ya kawaida.

Bolti nimeirudisha kwa vidole tu. Puli sijaitoa bado, kwa sababu alama za mbele ziko juu yake na nataka kuzisoma kwanza.

Jumamosi alasiri: alama hazikutani

Hapa nitakaa kidogo.

Utaratibu ni huu. Unazungusha krenki kwa upande wa saa, ukiitazama kutoka upande wa mkanda, mpaka mfereji mdogo kwenye puli ukutane na 0 kwenye kifuniko cha chini. Hapo pistoni ya silinda ya kwanza iko juu kabisa. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, mara moja ikigandamiza na mara moja ikisukuma moshi nje. Kwa hiyo unatazama juu: kwenye puli ya kemshafti kuna tundu dogo, na tundu hilo linapaswa kukutana na alama kwenye kepu ya beringi ya kemshafti. Kama tundu liko upande wa pili kabisa, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi. Mkanda huzungusha kemshafti moja tu, na hiyo huizungusha mwenzake kwa gia, hivyo alama ya juu ni moja.

Mpwa wangu alikuwa juu na tochi, mimi chini na spana.

"Mjomba, tundu halijafika."

"Limebaki kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kama jino moja."

Nilipanda kuangalia mwenyewe. Puli ya chini imekaa sawasawa kwenye 0, na tundu la juu limesimama kabla ya alama kwa upana wa jino moja. Kemshafti ilikuwa imechelewa.

Kabla ya kuamini jambo kama hilo, lazima uulize kama alama ya chini inasema kweli. Puli za krenki zenye tabaka la mpira katikati huweza kuteleza, pete ya nje ikajisogeza na mfereji ukadanganya. Njia ya kuthibitisha haihitaji kifaa cha pekee. Nimeingiza kijiti kirefu cha mbao kwenye tundu la plagi ya kwanza mpaka kikagusa pistoni. Nimezungusha krenki mpaka kabla ya 0, nikaweka alama kwenye kijiti na nyingine kwenye puli. Nimeendelea kuzungusha, pistoni ikapanda na kuanza kushuka, mpaka kijiti kikarudi kwenye alama ileile, nikaweka alama ya pili kwenye puli. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pistoni iko juu kabisa. Katikati hiyo imeangukia kwenye mfereji. Puli haijateleza, na kosa liko kwenye mkanda.

Inawezekana mkanda uliruka jino wenyewe, kwa tenshena dhaifu. Lakini kuna ushahidi mwingine. Kwenye mkanda huu mkuukuu kuna mistari miwili ya rangi nyeupe, iliyochorwa kwa mkono. Aliyeufunga alitumia njia ile inayopendwa sana: unachora mstari kwenye mkanda wa zamani na puli zake, unahamishia mistari kwenye mkanda mpya kwa kuhesabu meno, unafunga, umemaliza. Na distributa imesukumwa mpaka mwisho kabisa wa nafasi yake, upande wa kuwahisha moto. Kwenye injini hii distributa inaendeshwa na kemshafti, hivyo kemshafti ikichelewa, moto wa plagi nao unachelewa. Mtu fulani aliona moto umechelewa, akazungusha distributa mpaka ilipokomea, gari likaridhisha, akaliachia. Valvu zikaendelea kufunguka kwa kuchelewa.

Hapo dalili yangu ya mlimani imepata maelezo. Valvu zikichelewa, injini hupoteza nguvu ya chini na kujipata huko juu.

Jino moja linaonekana dogo, basi tupige hesabu. Puli ya kemshafti ina meno mara mbili ya gia ya krenki, kwa sababu kemshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Gia ya krenki ikiwa na meno 20, jino moja ni nyuzi 18 za krenki. Moto wa plagi tunausahihisha kwa kuhangaikia nyuzi mbili tatu. Valvu zilizokosea nyuzi kumi na kitu ni kosa ambalo hakuna distributa itakayolifidia.

Kwa hiyo, wenzangu, alama za kuchora zinanakili kilichokuwapo. Kama kilichokuwapo ni sahihi, zitanakili usahihi. Kama kilikuwa kibovu, utafunga mkanda mpya kwa ubovu uleule, kwa uangalifu mkubwa, na utaapa kwamba umefuata kila kitu. Chora mistari ukitaka, inasaidia macho. Ila uamuzi uwe wa alama za kiwanda, na alama hizo zisomwe kabla ya mkanda wa zamani kutoka, ili ujue ulianzia wapi.

Jumamosi jioni: mkanda wa zamani na sili

Puli ya krenki imetoka kwa kuivuta huku na huku. Kifuniko cha chini kimetoka, na nyuma yake ile sahani ya kuongoza mkanda. Nimeipiga picha kabla ya kuigusa: upande wa kikombe unatazama nje. Ikirudishwa kinyume itausaga mkanda ubavuni. Tenshena imelegezwa, ikasukumwa pembeni na kukazwa kwa muda. Mkanda umetoka.

Niliukunja kwa nyuma chini ya tochi. Kwa mbali unaonekana mzima, mweusi, na meno yote yapo. Ukiukunja, kwenye shina la kila jino panafunguka ufa mwembamba kama unywele, na kwenye sehemu kadhaa ufa unakwenda upana wote. Mgongo wake unang'aa na ukucha haubaki na alama juu yake. Ubavu mmoja umelowa oili na huko mpira umekuwa laini, unabonyea. Ugumu upande mmoja na ulaini upande mwingine kwenye mkanda mmoja: uzee na oili vimekula kila kimoja sehemu yake. Nimehesabu meno kati ya ile mistari miwili nyeupe, na baadaye, kila kitu kikiwa kwenye alama zake, nimehesabu ilivyopaswa kuwa. Tofauti ni jino moja. Mkanda ulifungwa hivyo. Haukuruka.

Tenshena nimeiweka sikioni na kuizungusha. Beringi yake inakwaruza kama mchanga mkavu. Hata ingekuwa kimya ningeibadilisha. Springi nayo mpya.

Oili ilitoka kwenye sili ya kemshafti. Ili kuifikia, puli ya kemshafti lazima itoke. Kemshafti ishikwe kwa spana kwenye sehemu yake yenye pembe sita, ambayo iko hapo kwa kazi hiyo hasa. Kuna wanaoacha mkanda wa zamani uishike puli wakati wanavunja bolti. Hapo unaweka nguvu yote kwenye meno ya mpira na kwenye krenki, na usipoangalia puli inaruka.

Sili ya zamani: mdomo wake unakatwa kwa kisu kikali, halafu bisibisi iliyofungwa tepu kwenye ncha inaingia na kuitoa. Tepu inalinda uso wa shafti. Mkwaruzo mmoja hapo na sili mpya itavuja tangu siku ya kwanza. Mdomo wa sili mpya nimeupaka grisi, nikaiingiza kwa kuigonga polepole kwa soketi kubwa inayolingana na ukingo wake, mpaka ikawa sawa na uso wa nyumba yake. Sili ya krenki ilikuwa kavu, lakini iko mahali ambapo ikivuja mwakani itabidi nifungue yote haya tena, kwa hiyo nayo imebadilishwa kwa namna ileile.

Puli ya kemshafti imerudi, bolti imekazwa kwa 59 Nm, kemshafti ikiwa imeshikwa na spana. Sehemu zote ambazo mkanda utapita nimezifuta kwa dawa ya kusafishia breki na tambara jipya.

Jumapili asubuhi: kufunga

Mkanda mpya haukunjwi kwa nguvu, haugeuzwi ndani nje, wala hauingizwi kwa kusukumwa na bisibisi. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazobeba mvuto wote, na nyuzi hizo zikivunjika hutaona chochote nje.

Tundu la puli ya juu nimelipeleka kwenye alama ya kepu kwa kuizungusha kemshafti kwa spana. Gia ya krenki nimeilinganisha na alama iliyo kwenye mwili wa pampu ya oili, kwa kuzungusha bolti ya krenki. Puli ya nje haipo, lakini alama hiyo inatosha, na nilishahakikisha jana kwamba inakubaliana na pistoni.

Mkanda unaanza chini. Kisha unapanda upande ambao hauna tenshena, ukiwa umenyooka bila ulegevu, na kuingia kwenye puli ya juu. Ulegevu wote unabaki upande wa tenshena. Hapa ndipo jino hupotea: ukiruhusu ulegevu ule mdogo upande usio na tenshena, kila kitu kitaonekana sawa, kisha tenshena ikivuta, puli ya juu inasogea na alama inatoka.

Nimelegeza bolti ya tenshena, springi ikavuta. Bolti ya krenki imerudi kwa mkono, nikazungusha mizunguko miwili kamili kwa upande wa saa, taratibu, bila kurudi nyuma hata kidogo. Huu ndio mtihani wa kazi nzima. Mizunguko miwili ya krenki ni mzunguko mmoja wa kemshafti. Valvu zote zimefunguka na kufungwa, pistoni zote zimepanda na kushuka, na mkanda umejikalisha kwenye meno. Kama kuna kitu kinagusana, mkono wako utakihisi kabla ya stata kukivunja. Ukihisi ugumu wa ghafla, simama, usilazimishe.

Baada ya mizunguko miwili alama zimerudi: gia ya chini kwenye alama yake, tundu la juu kwenye kepu yake. Mistari iliyochapishwa kwenye mkanda haikurudi, na hilo lisimtishe mtu. Mkanda una urefu wake na puli zina meno yao, kwa hiyo mistari ya mkanda hurudi mahali pake baada ya mizunguko mingi. Kazi ya mistari hiyo inaisha mkanda ukishavikwa. Zinazosomwa ni alama za chuma.

Bolti ya tenshena: 37 Nm. Nimebonyeza mkanda katikati ya upande usio na tenshena kwa nguvu ya kilo mbili hivi na umeingia milimita 5 hadi 6, kama inavyotakiwa. Nimezungusha tena na kusoma tena. Mpwa wangu amesoma peke yake bila mimi kumwambia nilichokiona, na tumekubaliana.

Sahani ya kuongoza, kikombe nje. Vifuniko, maunti, jeki ya sampu imeondolewa. Puli ya krenki, bolti 118 Nm, breki ikiwa imekanyagwa na gia ya juu kama jana. Tapeti kava imepata gasketi mpya na tone la silikoni kwenye kona zake. Mikanda ya nje imerudi na kukazwa.

Jumapili alasiri: moto

Distributa haiwezi kubaki ilipokuwa. Ilisukumwa kufidia kemshafti iliyochelewa, na sasa kemshafti imerudi mahali pake, kwa hiyo moto ungewahi mno na injini ingegonga. Nimeirudisha katikati ya nafasi yake kabla ya kuwasha.

Kwanza nimezungusha kwa stata koili ya moto ikiwa imetolewa, ili injini isiwake, mpaka taa ya oili ikazimika. Kisha nimerudisha koili na kuwasha. Imewaka mara moja. Nimesikiliza upande wa mkanda: hakuna kupiga filimbi, ambako kungeonyesha umekaza mno, wala kupiga kifuniko, ambako kungeonyesha umelegea.

Injini ilipopata joto nimeunganisha kwa waya pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, ili kompyuta iache kusogeza moto yenyewe, nikaelekeza taa ya taimingi kwenye puli. Inatakiwa nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Nimezungusha distributa kidogo tu na imekaa kwenye 10, bolti zake zikiwa karibu katikati ya mifereji yake. Waya wa TE1 na E1 umetolewa. Ukiusahau, gari litaendeshwa na moto usiosogea na utadhani umeharibu kitu.

Kwenye mlima uleule, gia ya pili, mguu uleule, gari linapanda bila kusukumwa. Sauti ya injini nayo imebadilika chini huko, imekuwa nzito na iliyotulia.

Wiki kadhaa baadaye

Nimefungua kifuniko cha juu na kuangalia kwa tochi. Mkanda umekaa katikati ya puli, hakuna unga mweusi, chini ya sili ya kemshafti pakavu. Bolti za maunti hazijasogea. Moto bado uko kwenye 10. Mikanda ya nje ilihitaji kukazwa kidogo, kama mikanda mipya inavyohitaji. Stika yenye tarehe na kilomita imebandikwa kwenye kifuniko cha mkanda, na nyingine ndani ya boneti.

Kwenye vipimo vya valvu nilivyoandika Jumamosi ile, valvu moja ya kuingiza hewa kwenye silinda ya tatu ina nafasi ndogo kuliko 0.15 mm, ilhali inatakiwa iwe kati ya 0.15 na 0.25. Nyingine zote ziko sawa. Kwenye injini hii nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha kisahani kilicho juu ya tapeti, na unene wa kisahani kipya hujulikana baada ya kupima kilichomo. Tapeti kava itafunguliwa tena kwa ajili ya valvu hiyo, na safari hii mkanda hautaguswa.